Mfarishi Ulioanzia Kulia

Siku ya tatu baada ya kumzika Shangazi Tatu, mjukuu wangu Rukia alifungua kompyuta yake juu ya mkeka, katika chumba kilekile cha Gongoni, Tabora, alichokuwa akilala marehemu, akanionyesha kazi inayomlisha huko Dar es Salaam. Anashona mifarishi ya viraka, ile ya kutandika kitandani, na kila mmoja huuchora kwanza kwa programu ya kompyuta kabla hajashika mkasi. Nilivaa miwani nikasogea. Kwenye kioo palikuwa na mraba mmoja mdogo wenye pembetatu nne, nyekundu na kijivu. "Huu nimeutunga mwenyewe, Bibi," akasema. "Sikuutoa popote. Sasa tazama." Akabonyeza, mraba ukageuka robo. Akabonyeza tena, ikawa miraba arobaini, kitanda kizima, na rangi zimeshaingia. Nikamuuliza nafasi ya mshono ameiacha wapi. "Inaiongeza yenyewe, Bibi. Mimi sihesabu chochote." Kisha akasema ngoja nikuonyeshe kingine, akagusa kitufe, na mfarishi wote ukapinduka: upande wa kulia ukawa kushoto, wa kushoto ukawa kulia, kwa muda usiozidi kupepesa jicho. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Urudishe." Wanawake waliokuwa wakichambua mchele mlangoni wakainua vichwa. "Urudishe kama ulivyokuwa, Rukia." Akaurudisha. Akaniambia pole, Bibi, umechoka na msiba. Kweli nilikuwa nimechoka, lakini sicho kilichonitoa sauti ile.

Ninalo daftari la hesabu la mwaka ninaotaka kuusimulia, lile lenye vyumba vidogo vya mistari ya samawati. Kwa mbele nimechora miraba ya mfarishi; kwa nyuma, nikiwa nimeligeuza, nimeandika mambo ya kila siku, mengine kwa hasira. Nimelisoma tena wiki hii na siliamini lote. Elimu yangu ni darasa la saba na mwaka mmoja wa ufundi, na msichana aliyeandika mle alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa amefungiwa ndani, kwa hiyo maneno yake yana moto. Nitajaribu kutenga nilichokiona na nilichokidhania. Nikichanganya, anisamehe aliyekwenda.

Ulikuwa mwaka ambao kila redio ya mtaani ilizungumza habari za vijiji vya ujamaa. Malori yalipita kwenye barabara iliyofuata njia ya zamani ya misafara, yakiwa yamebeba watu na milango yao na kuku wao, na mimi malori hayo niliyasikia tu. Mume wa shangazi, fundi wa kushona ambaye sote tulimwita Baba Fundi, alifariki kabla ya mvua, na shangazi akakaa eda. Kwa asiyejua: mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hajipambi, hatoki, wala haonwi na mwanamume asiye wa karibu. Shangazi alivaa nguo mbili tu za kitambaa cha marekani, moja mwilini, nyingine kambani. Ilibidi awepo mtu wa kushinda naye, na mtu huyo nilikuwa mimi. Sheria ilimhusu yeye, lakini mlango ulifungwa kwetu sote wawili. "Msichana akitoka nyumba ya eda kwenda kuzurura, watu watasemaje?" aliniuliza, nami nilijua hasa watakavyosema. Sokoni alitwendea Mama Kulwa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mnene mwenye maneno, ambaye alikuwa akirudi na kikapu kimoja cha mahitaji na viwili vya habari.

Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu kwa mstari, ukumbi mwembamba wenye giza hata saa sita mchana, na uani wenye ukuta wa udongo mrefu kuliko mimi. Asubuhi tulikunywa chai ya asali, maana sukari ilikuwa imeadimika, pamoja na michembe ya viazi vitamu vikavu iliyochemshwa na karanga. Mchana ugali na msansa, mboga yetu ya majani ya kunde. Jioni kilichobaki mchana. Nilijifunza kula polepole ili siku ipungue. Chumba cha tatu kilikuwa ghala la Baba Fundi, na ndani yake mlikuwa na magunia manne ya vipande vya vitambaa alivyobakiza miaka yote ya kazi: kaki za sare, poplini nyeupe ya kanzu, kaniki, drili ya kijani, satini nyekundu ya bibi harusi fulani. Cherehani yake ilikuwa pale chini ya dirisha dogo la nondo za mbao. Niliingia mle kwa mara ya kwanza kutafuta kitambaa cha kushikia sufuria, nikatoka baada ya adhuhuri.

Sikuwa na cha kutazama ila nyumba, basi nilichora nyumba. Jua la asubuhi lilipenya kwenye nondo za dirisha na kuangusha vivuli vyake sakafuni, vimelala upande; nikahesabu vyumba vya daftari, nikavichora, nikapata mraba wangu wa kwanza, nikauita Dirisha. Ungo uliotundikwa jikoni ukanipa mraba wa pili. Mafiga matatu yenye moto katikati yakanipa wa tatu. Bati la kutu la choo likanipa wa nne, na huo Mama Kulwa alipoambiwa ulikotoka akasema ataulalia nani mfarishi wa choo. Sikuwa na rangi za kuchorea. Nilipaka manjano ya mchuzi, bluu ya kufulia na makaa, kisha nikaikata miraba kwa mkasi na kuipanga kwenye sinia la kulia wali, nikiisogeza huku na huku. Siku moja nilipanga Dirisha nne pamoja, kila moja nimeigeuza robo kuliko ya pili yake, na katikati ikatokea nyota. Sikuwa nimechora nyota. Nilizigeuza tena, ikapotea, nikazirudisha, ikaja. Nilimwita shangazi kwa kelele mpaka akadhani nimeumwa na nge.

Aliitazama ile nyota kwa muda mrefu. "Ikate kwa kitambaa," akasema. Nikakata vipande kama vilivyokuwa kwenye daftari, nikashona, na nyota ikatoka imekatika ncha zote, butu kama meno ya kizee. Shangazi alicheka hadi akajishika kiuno. Tangu msiba sikuwa nimemsikia akicheka. "Karatasi haina mshono, Nyamizi," akasema. "Kitambaa kina. Ongeza upana wa kidole kila upande, hicho ni chakula cha mshono. Usipomlisha atakula nyota yako." Ni yeye aliyenifundisha hilo, na ninaliandika hapa mapema ili lisije likasahaulika nitakapofika mbele.

Bibi Tekla alikuja kutoa pole. Alikuwa bibi maendeleo wa sehemu yetu, Mkatoliki kutoka vijiji vya kusini, anaendesha baiskeli ya kike na kuvaa saa ya kiume, na wanawake wa mtaa walimcheka kwa vyote viwili na kumwogopa kidogo. Aliketi na shangazi chumbani kama inavyopasa, akasema maneno ya msiba, kisha alipokuwa akiaga akaliona sinia langu uani na miraba yake. Akachuchumaa, akageuza mraba mmoja, akaurudisha. Kisha akauliza ni nani aliyenifundisha, nikasema hakuna, nikakumbuka, nikasema shangazi kuhusu mshono. Ndipo akatuambia kwamba kuna nafasi moja, ya msichana mmoja tu wa sehemu yetu, kwenda mwaka mzima kwenye chuo cha ufundi mkoa mwingine, kisha kufundisha kushona katika vijiji vipya. Atakayetaka alete mfarishi wa kitanda alioutunga mwenyewe na kuushona kwa mkono wake mwenyewe, tangu karatasi hadi pindo. Yeye na katibu wa tawi la chama wangepita kuitazama kazi Jumamosi ya mwisho ya mwezi uliokuwa ukija. "Na uweke neno," akaninong'oneza kwenye ukumbi. "Katibu haoni rangi, anaona neno."

Usiku ule nilihesabu: Jumamosi ile ingefika shangazi akiwa bado ana siku kumi na nne za eda. Nilimwomba ruhusa nikiwa nimepiga magoti. Aliendelea kuchambua msansa. "Mimi sikufungi," akasema. "Wanaokufunga ni watu. Ukipata, nenda." Niliandika maneno hayo kwenye daftari na chini yake nikaandika: *hakunitazama*. Yote mawili ni kweli.

Wiki zilizofuata ndizo ninazozikumbuka kwa mwili, maana nilikuwa na mahali pa kwenda hata kama ni kutoka ukutani hadi ukutani. Nilipanga mfarishi wa miraba sita kwa upana na saba kwa urefu. Safu tatu za juu na tatu za chini zilikuwa za nyumba: Dirisha zenye nyota zake, Ungo, Mafiga, Bati. Safu ya katikati ilikuwa ya neno. Nilitafuta neno la herufi sita ili kila herufi ipate mraba wake, na halikuwa gumu kupatikana, lilikuwa limeandikwa kwenye kila ukuta mjini: UJAMAA. Herufi nilizitunga kwa kaniki juu ya poplini nyeupe, mikato yote minyoofu, maana mviringo ulinishinda. Hiyo J ilinila siku mbili na bado ilifanana na ndoano. Shangazi aliniwekea uzi kwenye sindano asubuhi, sindano kumi kwa mpigo, akizichomeka kwenye mto mdogo, kwa sababu alisema macho yangu yana haraka.

Lakini nilisikia pia maneno, na ni haki niyaweke. Jiko letu na la Mama Kulwa yalitenganishwa na ukuta usiofika juu. Nilikuwa ghalani, wao wakidhani niko kisimani uani.

"Huyu akienda, Tatu, utabaki na nani?"

"Nitabaki na Mungu."

"Mungu hakupikii msansa."

"Eda ikiisha nitapika mwenyewe."

"Mfichie sindano, bwana! Jumamosi ikipita, yamekwisha."

Na shangazi akacheka. Si kicheko cha nyota; kifupi, puani. Nilikisikiliza kicheko hicho siku nyingi. Nikakiandika kwenye daftari mara tatu, kila mara kirefu zaidi kuliko nilivyokisikia.

Zikiwa zimebaki siku nane, safu sita nilikwisha kuziunga, na miraba sita ya herufi ilikuwa tayari lakini haijaungwa. Nikashikwa na homa. Siku ya pili nilikuwa siwezi kusimama, ikabidi Mama Kulwa anifunge khanga kiunoni na kunipeleka hospitali ya Kitete, nikalazwa. Kabla sijatoka nilipanga ile miraba ya herufi kwenye fungu moja, kila mmoja na kikaratasi chenye namba, moja mpaka sita, nikaliweka juu ya cherehani ili nikirudi nisipoteze muda. Nililazwa siku nne. Ni aibu kusema, lakini wodi ile yenye vitanda vya watu wanaokohoa ilikuwa kwangu kama safari: nilitoka nje, niliona barabara, niliona malori yale kwa macho yangu, mtu mmoja ameketi juu kabisa akiwa amekumbatia saa ya ukutani. Mama Kulwa alileta uji kila siku. "Shangazi yako hata mlango hanifungulii," akalalamika. "Namkabidhi kikapu kwenye upenyo kama mfungwa. Ati ana kazi."

Nilirudi Jumatano. Shangazi alikuwa amesimama ukumbini ananisubiri, macho mekundu, vidole vya mkono wa kushoto vimechomwachomwa na sindano. Hakunipa hata nafasi ya kusema shikamoo. "Marahaba, marahaba, ingia," akasema kabla sijaamkia, akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwake. Mfarishi ulikuwa kitandani, umekwisha. Safu zote zimeungwa, blanketi kuukuu limewekwa katikati, bitana ya kaki nyuma, na juu yake amedarizi nyumba nzima kwa mishono midogo kama mbegu za ufuta, imefuata nondo za kila dirisha na moto wa kila figa. Sijapata tena kuona kazi ya mkono iliyotulia vile. "Njoo usome," akasema. "Soma neno lako."

Nikasoma. A, A, M, A, J, U.

"Shangazi, hii ni nini?"

"Si neno lenu la redio hilo?"

"Umegeuza! Hii siyo Ujamaa. Hii ni... hii haina maana yoyote!"

Mama Kulwa, ambaye alikuwa amenibebea furushi, alichungulia juu ya bega langu. Yeye alikuwa akienda darasa la elimu ya watu wazima miezi mitatu na alikuwa hawezi kuliona neno akaliacha lipite. "A... a... ma... ju," akasoma kwa kidole hewani. "Aamaju! Wallahi, kama jina la Msukuma mwenye ng'ombe wengi. Tatu, katibu akiona umepindua Ujamaa hivi atakuja kukuchukua na eda yako." Akacheka peke yake.

Shangazi alikuwa akitazama mfarishi, kisha mimi, kisha mfarishi. "Nimefuata namba zako," akasema. "Moja nimeiweka mwanzo."

"Mwanzo gani? Umefanya makusudi. Nilikusikia jikoni. Umefanya ili nisiende!" Nami nikasema lile neno, na nilijua ni neno gani hata kabla halijatoka: "Hujui kusoma!"

Mama Kulwa ndiye aliyesema kwanza, na safari hii hakucheka. "Nyamizi. Ulimi huo umepewa Kitete?"

Shangazi alikaa ukingoni mwa kitanda, taratibu, kama mtu anayekaa juu ya kitu kinachoweza kuvunjika. "Mimi nimehitimu Kurani sijavunja ungo," akasema, bila kupandisha sauti. "Barua zote za Baba Fundi kwa ndugu zake wa Ujiji niliziandika mimi, kwa herufi zetu. Amekuja hapa bwana mmoja na daftari, akaniuliza najua kusoma, nikasema najua, akanipa gazeti, nikashindwa, akaandika sijui. Sawa. Serikali imeandika. Na wewe umeandika."

Nataka msomaji aelewe nilichokuwa sikielewi wakati ule, ingawa nilikuwa nimeishi na mwanamke huyu na kumwona kila alfajiri na msahafu wake. Watu wa umri wake katika nyumba za Kiislamu za Tabora walisoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na herufi hizo zinaanzia kulia. Kwake mwanzo wa mstari wowote, wa kitabu au wa kitambaa, ulikuwa mkono wa kulia. Alikuwa amechukua namba moja, U, akaiweka kulia, akaendelea mpaka sita, kwa uangalifu wote. Mimi nilikuwa nimeandika namba. Sikuandika anzia wapi, kwa sababu haikunipitia akilini kwamba kuna mahali pengine pa kuanzia. Nikigawa kosa lile leo, kwa mizani isiyo na undugu, naona sehemu kubwa inanielekea mimi. Lakini kile kicheko cha puani nacho nilikisikia. Bado sijui pa kukiweka.

Nilikuwa na Alhamisi na Ijumaa. Nilibeba mfarishi ghalani, nikajifungia, nikaanza kufumua safu ya katikati. Ilibidi kutoa mishono yake ya darizi kwanza, mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, kisha bandi za kushikizia bitana, kisha kuunyanyua uso wa mfarishi nifikie maungio ya miraba. Shangazi alipita mlangoni mara mbili. Nilisikia ndala zake zikisimama, zikaendelea. Chakula aliniwekea kizingitini. Ijumaa asubuhi nilifika kwenye mraba wa U, ule wa mwisho kulia, nikaupindua kuona mgongo wake, na kando ya mshono nikakuta maandishi kwa chaki ya fundi. Herufi za Kiarabu sikuwa nikizijua zote, madrasa niliikimbia mapema, lakini hayo kila mtoto wa mtaani kwetu anayajua: Bismillahi. Aliandika pale kwa sababu ndipo anapoanzia kazi. Mtu haandiki jina la Mungu mwanzoni mwa hila. Nilikaa chini kati ya magunia.

Ningependa kuandika kwamba niliacha, nikaushona mfarishi kama alivyoushona yeye, nikauonyesha hivyohivyo. Nilitaka kutoka. Nilitaka kutoka kuliko nilivyotaka kuwa mwema. Chaki ile ingejitokeza kwenye poplini, basi niliifuta kwa kitambaa kibichi, na maji yake, kwa kuwa yalikuwa yamegusa jina hilo, sikuyamwaga uani tunapokanyaga; niliyabeba kwenye bakuli nikayamimina kwenye shina la mkomamanga, taratibu, bila kurusha tone. Adabu yote hiyo niliyapatia maandishi. Aliyeyaandika alikuwa hatua kumi kutoka pale, na sikumwambia kitu. Nilirudi ghalani nikaunga U upande wa kushoto.

Jumamosi walikuja saa nne. Katibu alibaki barazani, kwa kuwa ni mwanamume na ndani kuna eda. Kijana mrefu wa Goweko, mwenye adabu, aliyekuwa akijifuta jasho muda wote. Nikautandaza mfarishi kwenye kamba ya baraza. Pazia la mlango lilikuwa limeshushwa na nilijua shangazi yuko nyuma yake, niliona vidole vya miguu. Katibu alisoma neno, akatabasamu, akasema vizuri sana, vizuri sana, na kwa kweli hakuona kingine. Bibi Tekla alitazama nyota. Alinitaka nimweleze zimetokea wapi, nikamweleza kugeuza robo, akatingisha kichwa kama mtu anayepewa kitu. Kisha akapitisha kidole juu ya darizi ya safu za juu, zile ambazo sikuzifumua. Halafu safu ya neno, niliyoidarizi mimi kwa haraka ya Ijumaa. Akarudi juu. Kidole kilisimama.

"Nyamizi, kazi hii ni yako yote? Karatasi mpaka pindo?"

"Ndiyo."

"Mkono huu wa juu umekomaa sana kwa msichana."

Nikashika pindo la mfarishi. Ndipo pazia likasema, kwa sauti ya shangazi, tulivu, ya mtu aliyekatiza tu kazi ya jikoni: "Ndiyo mkono wa nyumba hii, mwanangu. Kwetu wote wanashona hivyo."

Bibi Tekla alilitazama pazia. Alikuwa mwanamke mwenye akili kuliko sisi sote pale. Akaandika jina langu.

Niliondoka siku ya tatu baada ya Jumamosi hiyo, zikiwa zimebaki siku kumi na moja za eda. Mama Kulwa alikuwa ameshatangulia stesheni na sanduku, akiwaeleza watu wa njiani, nina hakika, mambo mengi yasiyokuwepo. Shangazi alinisindikiza mpaka mwisho wa ukumbi, pale mwanga wa mlango unapoanzia, akasimama. Zaidi ya hapo hakuweza. Nilikuwa nimepanga kusema, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri: Bismillahi niliyoikuta, kicheko, lile neno langu, ile ndiyo. Nilipiga magoti nikasema shikamoo, akasema marahaba, na maneno yote yakabaki kwenye foleni.

"Utaniandikia?" akauliza.

"Nani atakusomea, shangazi?" Sikukusudia kumchoma. Lilitoka kama swali.

Akafikiri. "Mama Kulwa anasoma kama anatafuta chawa. Akishamaliza salamu, wewe umekwisha kurudi. Na yule mwalimu wao wa watu wazima simtaki ndani ya barua zangu." Akaniweka sawa kola, ambayo ilikuwa sawa. "Nichoree. Chora unapolala. Nikiona mlango uko wapi na kitanda chako kiko wapi, nitajua umefika."

Chuo kile sitakitaja jina, na kwa haki walitulisha vizuri na nilijifunza mengi. Siku ya pili, mchana, niliketi kitandani nikafungua daftari kwenye ukurasa mpya, nikahesabu vyumba vya samawati. Bweni la vitanda kumi na viwili, sita na sita. Changu cha nne. Madirisha matatu yenye nondo, za chuma hizi. Nikafika kwenye mlango. Mlango ule ulifungwa kwa nje saa kumi na mbili kila jioni, na Jumapili nzima, na ufunguo alikaa nao matroni. Msichana wa kitanda cha tatu alikuwa amekwisha kunieleza tutakavyokaa hadi Desemba. Nilimchorea mlango ulio wazi.